Mfarishi wa vipande: sindano, amana na mirathi

 Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo si kawaida kulisikia likitajwa juu ya mimbari, nalo ni kushona. Hatukusudii kushona kwa fundi aliyekodi kibanda sokoni na ambaye chakula cha watoto wake kinatoka katika cherehani. Tunakusudia kushona kwa mtu aliye nyumbani kwake, asiyetafuta riziki kwa sindano, bali anashika kitambaa kwa kuwa moyo wake unapenda kuona kitu kikikamilika mikononi mwake.

Wanaoifahamu Kidatu hawahitaji kuelezwa sana. Ukitoka Mikumi ukashika njia ya Ifakara unateremka huku milima ya Udzungwa ikiwa upande wako wa kulia, unavuka mto Ruaha Mkuu, na kutoka hapo macho yanaona miwa na miwa tena. Maisha ya hapa yanakwenda kwa saa ya kiwanda cha sukari. Msimu wa kuvuna unapofunguliwa baada ya masika, kila mtu ana haraka, malori yamejaa barabarani na majivu ya miwa iliyochomwa yanaangukia nguo zilizoanikwa. Masika yakiingia, mashamba hayapitiki, kazi inapungua, wavunaji wengi waliotoka mbali hurejea makwao, na nyumba nyingi hubaki na siku ndefu za mvua. Katika siku hizo ndipo tumeona akina mama na mabinti wakikaa barazani na mfuko wa vipande vya vitenge na khanga, wakijaribu leo foronya, kesho kishikio cha sufuria ya moto, keshokutwa kifuniko cha mtungi. Mwenye subira zaidi hujaribu mfarishi.

Neno hili mfarishi vijana wengi hawalijui tena. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule wa kutandika uliotupa neno firashi, na maana yake ni tandiko au kifuniko kilichoshonwa kwa tabaka mbili za nguo, katikati kikatiwa pamba, sufi au kitambaa kingine. Siku hizi wengi husema tu "shuka la viraka", na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu neno kiraka limepata sifa mbaya. Mtu akiona kiraka anaona umasikini. Tumesikia binti mmoja akizuiwa na mama yake asitandike kazi yake sebuleni siku ya wageni, eti watu watasema nyumba hii imeishiwa.

Sisi tunamwambia mama huyo, na wengine wa mfano wake, wamkumbuke Sayyidna Umar bin Khattab (R.A). Anas bin Malik (R.A) ameeleza kwamba alimuona Umar, wakati huo akiwa Amiri wa Waumini mjini Madina, na baina ya mabega yake nguo ilikuwa imewekwa viraka vitatu, kimoja juu ya kingine. Huyu ndiye ambaye katika ukhalifa wake Sham, Misri na Iraq ziliingia katika dola ya Kiislamu. Kabla yake, Mama wa Waumini Aisha (R.A) alipoulizwa Mtume (S.A.W) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Basi sindano iliingia katika nyumba ile tukufu, na aliyeishika alikuwa mwanamume.

Tunaulizwa mara kwa mara: je, si kupoteza wakati, mtu kukata kitambaa kizima katika vipande na kisha kuviunga upya? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Msingi katika mambo ya kawaida ni uhalali, na burudani isiyomzuia mtu na Swala, isiyomletea israfu wala kumdhulumu mtu, haina ubaya. Ila tunaona kwamba kushona kuna daraja ya juu kuliko burudani tupu, na ushahidi wetu ni Zainab bint Jahsh (R.A), mke wa Mtume (S.A.W). Imepokewa kwamba alikuwa na kipaji cha mikono. Akitengeneza ngozi, akiishona, na kile alichokipata akikitoa sadaka. Hakuwa fundi mwenye duka, wala hakulazimika kufanya kazi hiyo ili ale. Aliipenda kazi ya mikono, akaifanya mlango wa kheri. Binti wa Kidatu anayeshona foronya mbili, moja akaiweka kitandani kwake na nyingine akampelekea jirani aliyejifungua, ana wa kumfuata.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, kwani tunajua wapo wasomaji wanaosubiri sehemu hii. Anayeanza asikimbilie kitanda kizima. Aanze na mfarishi wa mtoto, na afanye kwa mkono hata kama jirani ana cherehani ya kukanyaga, kwani mkono humfundisha mtu tabia ya kitambaa. Vitenge na khanga za pamba ndizo nyepesi kushona. Kitambaa kinachoteleza na kile kinachovutika vimuache kwanza. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa vipya hurudi na vingine hutoa rangi, na mwenye kupuuza hatua hii atauona mfarishi wake ukijikunja na wekundu ukihamia kwenye weupe siku ya kuufua mara ya kwanza. Vikishakauka vipigwe pasi. Kisha achukue kadibodi, akate mraba wa sentimita 15 kila upande, na huo ndio uwe kipimo chake cha kila kipande bila kubadilisha.

Vipande 63, vikipangwa safu tisa zenye vipande saba kila moja, vinatosha. Avitandaze kwanza sakafuni avitazame, avihamishe, ampe mwingine naye atoe maoni, maana rangi mbili kali zikikaa pamoja hugombana. Kila mshono uache sentimita moja ukingoni, hivyo kila mraba uliokuwa wa sentimita 15 utabaki 13, na mfarishi utatoka na upana wa sentimita 91 na urefu wa sentimita 117 hivi. Kwa hesabu hiyo ana mishono mifupi 54 ya kuunga vipande kuwa safu, na mirefu minane ya kuunga safu. Kila mshono ukimalizika ulazwe kwa pasi. Wengi huchoka na pasi wakaiacha, na ndiyo sababu pembe zao hazikutani.

Baada ya hapo anatandika kitambaa cha chini, shuka la zamani linafaa sana, juu yake analaza blanketi jembamba lililokwisha kazi, kisha juu kabisa ule uso wa vipande. Tumesema blanketi jembamba kwa makusudi. Kidatu si Njombe, na mtu akijaza pamba nzito kama godoro atakuwa ameshona kitu cha kutazamwa tu. Tabaka zote tatu zipigwe bandi kuanzia katikati kuelekea pembeni ili zisikusanyike mahali pamoja, ndipo ashone kushona kwa kweli, mishono midogo ya kwenda mbele inayopenya tabaka zote, akifuata mistari ya vipande. Bandi huondolewa mwishoni, na ukingo wote huzungushiwa utepe wa kitambaa. Kastabini kidoleni si anasa. Mtoto mchanga asifunikwe kwa mfarishi wakati wa kulala, hilo ni tahadhari ya matabibu. Kwake yeye uwe wa kulalia mchana akiwa anatazamwa.

Tumefika mahali ambapo hasa palitusukuma kuandika. Vipande hivi 63 vinatoka wapi? Jibu la kila mtu ni moja: kwa fundi. Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna gunia la mabaki, na mshonaji wa nyumbani hupita akaomba, naye fundi humjazia mfuko bure au kwa pesa kidogo. Jambo linaonekana jepesi. Lakini kitambaa kile si cha fundi. Mteja alileta doti yake ya khanga au pande lake la kitenge, akalipa ujira wa kushonewa. Kitambaa kilicho mikononi mwa fundi ni amana, na kilichobaki baada ya kukatwa ni mali ya mwenye kitambaa kama kilivyokuwa kabla mkasi haujagusa. Fundi hakununua mabaki, na wala ujira wake haukutajwa kuwa ni fedha pamoja na mabaki.

Hapa wanazuoni hutazama ada za watu, na ada ina nafasi yake katika sharia. Vile vipande vidogo vya upana wa vidole viwili, ambavyo mteja mwenyewe akipewa angevitupa njiani, hakuna anayevidai, na kuvichukua hakuna neno. Mtume (S.A.W) aliikuta tende njiani, na kilichomzuia kuila, kama alivyoeleza mwenyewe, ni kuchelea isije ikawa ni ya sadaka, wanazuoni wamechukua hapo kwamba kitu duni ambacho mwenyewe hakifuatilii hakina hukumu ya mali iliyopotea. Lakini mabaki ya nusu mita, yanayotosha kofia ya mtoto au mfuko wa mkononi, hayo nani amesema mwenyewe hayataki? Wapo mafundi, na hatuwataji, ambao hukata kwa hesabu ili yabaki mengi. Huo ni wizi uliovaa miwani.

Dawa yake haina uzito. Fundi amuulize mteja siku ya kupokea kitambaa: mabaki tukurudishie au umeyasamehe? Neno moja hilo linatosha. Na mshonaji wa nyumbani amuulize fundi kabla ya kufungua mfuko wake. Wapo watakaotuona tunakuza jambo. Sisi tunaona kwamba mtu anayetumia miezi miwili kushona kitu cha kumpa mjukuu wake ana haki ya kujua kwamba hakuna uzi wa dhulma ndani yake.

Liko jingine zito kuliko hilo. Tuliulizwa na mama mmoja aliyekuwa ndani ya eda, mumewe akiwa amefariki na kumuachia watoto, wawili kati yao wadogo. Alitaka kuyachukua mashati ya marehemu, yale ya kazini na yale ya Ijumaa, ayakate na kushona mfarishi ambao watoto wake watalala wakiwa na baba yao, kama alivyosema mwenyewe. Maswali yake yalikuwa mawili: je, mwenye eda anaruhusiwa kushona, na je, mashati yale anaweza kuyakata?

La kwanza ni rahisi. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi kwa asiye mjamzito, na mwanamke katika muda huo hujiepusha na mapambo, manukato na nguo za kujipamba, na hubaki nyumbani kwake isipokuwa kwa haja. Kushona hakumo katika yaliyokatazwa, hata kama kitambaa kina rangi, maana katazo ni la kuvaa kwa kujipamba, na yeye anakishika tu mkononi. Tena tunasema kwamba siku zile ni ndefu, na mkono wenye kazi humsaidia mwenye msiba kuliko wageni kumi wanaorudia maneno yale yale.

La pili ndilo linalosahauliwa na watu wengi. Nguo za marehemu ni mirathi. Tangu roho ilipotoka zimeingia katika mali itakayotolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki kigawiwe warithi. Tumezoea kuona nguo zikigawiwa hovyo siku ya tatu, huyu akaondoka na koti, yule na viatu, na wanaogawa hawajauliza kama marehemu alikuwa na deni dukani. Warithi wakiwa wote ni watu wazima na wameridhia kwa hiari, hakuna shida, mama achukue mashati yake. Lakini watoto wawili wale ni wadogo, na haki ya mtoto mdogo haisamehewi na mtu mwingine, hata awe mama aliyemzaa kwa uchungu. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Basi tulimwambia: mashati yathaminiwe kwa bei yake sokoni, bei ya mitumba kama ndivyo yalivyo, iandikwe, na yahesabiwe kuwa sehemu ya thumni yake. Hapo yanakuwa yake halali, ayakate apendavyo. Tulielezwa baadaye kwamba mashati saba hayakufikia hata robo ya fungu lake. Wallahu a'lam.

Tukitoka hapo kuna suala la picha na maandishi. Vitenge vyenye nyuso za viongozi vimejaa, na khanga haikamiliki bila jina lake. Katika hili tunacho kisa cha Mama Aisha (R.A), aliyekuwa ametundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W) akalichukia, naye akalikata na kulifanya mto wa kuegemea, au mito miwili. Tazama namna kitambaa kilivyookolewa kisitupwe. Ama khanga iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au dua, maandishi hayo yakatwe na kuwekwa mahali pa heshima. Yasiishie katika kitambaa cha kufutia miguu wala katika kiti.

Wanaume wasidhani tumewasahau. Hapa kwetu mafundi cherehani wengi ni wanaume, na hakuna anayecheka. Lakini akiwa nyumbani, mwanamume yule yule anayeendesha mtambo mkubwa kiwandani atavaa shati lisilo na kifungo wiki nzima akimsubiri mkewe. Mjini Cairo, karibu na lango la kale liitwalo Bab Zuwayla, uko mtaa wa washona mahema ambao kazi yao ni kubandika vipande vya kitambaa juu ya kitambaa na kuvishona kwa mkono kwa mapambo ya ajabu, na kwa karne nyingi waliokalia kazi hiyo ni wanaume. Hata kiswa cha Al-Kaaba, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikitoka Misri na sasa kinatengenezwa Makka, ni kazi ya kuunga: vipande 47 vya hariri, na maandishi yaliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Tangu mwaka 2022 hubadilishwa siku ya kwanza ya Muharram, baada ya kuwa kwa miaka mingi ikifanyika tarehe 9 Dhulhijja.

Na ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka nchini India, wapo ndugu zetu kwa asili waitwao Wasiddi, wazao wa Waafrika waliochukuliwa kuvuka Bahari ya Hindi katika karne zilizopita, Waislamu wakiwemo miongoni mwao. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu wanayoiita kawandi. Hawatumii kadibodi wala pasi ya kila mshono. Huanza pembeni, wakizunguka na kuweka kipande baada ya kipande kuelekea katikati, na katika kila pembe huweka pambo la vitambaa vilivyokunjwa liitwalo phula, yaani ua. Kawandi isiyo na maua hayo, kwa maneno yao, iko uchi. Mwenye kupenda anaweza kujaribu njia hiyo baada ya kuimudu ile ya miraba. Inamfaa zaidi mwenye vipande visivyolingana.

Kabla ya kuuhifadhi mkoba wa sindano tuna ombi kwa washonaji wa bonde zima, kutoka Kidatu, Mang'ula, Kiberege hadi Ifakara. Bonde hili lina mbu, na lina historia nao. Katika miaka ya mwisho ya 1990, kupitia mradi wa KINET, vyandarua vyenye dawa viliuzwa vijijini katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kutumia vyandarua hivyo kuliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika na kifo. Wazee wanalikumbuka jina lililoandikwa juu yake, Zuia Mbu. Leo nyumba nyingi zina vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na nyumba nyingi vyandarua hivyo vina matundu: kijiti cha kitanda kimekivuta, panya amepita, mshumaa umekigusa. Watu hufunga fundo penye tundu, au hukiacha hivyo hivyo wakisubiri cha bure kingine.

Mwenye kujifunza kushona hana zoezi la kwanza bora kuliko hili. Kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini maana jua kali hudhoofisha dawa, kisha kitandazwe juu ya shuka jeusi matundu yapate kuonekana. Tundu dogo huvutwa midomo yake kwa uzi wa kawaida na kushonwa mara mbili. Kubwa linahitaji kiraka, na kiraka hicho kikatwe katika chandarua kingine kilichokwisha kazi, kipite ukingo wa tundu kwa vidole viwili kila upande, kishonwe kwa kuzunguka bila kukivuta, kwani kikivutwa kitapasua pembeni mwake usiku wa kwanza mtoto akigeuka.